Mke Mkubwa na Meza ya Bwana

Wiki ile Gladwell hakutulia hata kwa dawa. Mwanamke ambaye kijiji kizima kilimjua kwa utulivu wake, anayefunga kitambaa cha kichwa polepole mpaka waliomngoja wanaanza kupiga miayo, alikuwa anaanza kazi na kuiacha. Alikamua ng'ombe nusu, akakumbuka moto jikoni. Akafika jikoni, akakumbuka ng'ombe. Alitoa visikombe vya Meza ya Bwana kwenye sanduku, akaviosha, akavikausha, akavifunika kwa kitambaa safi, halafu kabla chai haijapoa akavitoa na kuviosha upya, kana kwamba kuna mtu aliyevinywea uji. Kuku wenyewe walianza kumkwepa.

Aliyemletea balaa hilo ni Mchungaji Koome, na alilileta akiwa anatabasamu. Alikuja Jumatatu kwa pikipiki yake, kijana mwenye koo la kuhubiri na tumbo la kupenda chai, akaketi sebuleni kwa Gladwell, akanywa kikombe cha kwanza bila kusema lolote la maana. Kwenye kikombe cha pili akafunguka.

"Mama, nimekuja na habari njema. Mzee Kailemia amepumzika, na mwaka umeshapita. Sasa Mama Kajuju hana kitu ya kumzuia tena. Jumapili hii tukiwa na Meza, nataka tumrudishe. Jumamosi viongozi watakaa kidogo, na wanataka tu neno moja kutoka kwako."

"Neno gani, Mchungaji?"

"Si wewe ndiye ulikosewa? Useme umemsamehe. Ukisema hivyo, hiyo maneno imeisha."

Gladwell alisema sawa. Alimsindikiza mgeni mpaka langoni, akapunga mkono, akarudi ndani, akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Tangu hapo hakukaa tena sawasawa.

Huyo Mama Kajuju ni Cicily, mke wa pili wa marehemu Kailemia, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa ua uleule, mlango ukitazamana na wa Gladwell. Katika kanisa lao la Methodisti, kwenye miteremko ya kahawa juu ya Githongo, jambo la mke wa pili lilikuwa na utaratibu wake na halikuwa siri kwa mtu. Mke wa pili aliimba kwaya. Alileta sadaka, alifagia kanisa zamu yake ilipofika, alipikia wageni wa sinodi, na akifa angeimbiwa nyimbo zote. Ila siku mkate unapokatwa na sharubati ya zabibu inapomiminwa, alibaki kwenye kiti chake na kutazama migongo ya wenzake wakienda mbele kupiga magoti. Cicily alikuwa ameitazama migongo hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Aliijua yote, hata iliyozeeka.

Na mgongo wa kwanza katika hiyo ulikuwa wa Gladwell. Yeye ndiye aliyefunga ndoa ya pete, na yeye ndiye msimamizi wa Meza. Ndiye aliyekata mkate vipande vidogo vilivyolingana, ndiye aliyepiga pasi kitambaa cheupe mpaka nzi angetua juu yake na kuteleza. Mchungaji alikuja na kuondoka, kila baada ya miaka michache analetwa mwingine na mwingine anapelekwa kwingine, lakini mikono iliyotandika Meza ilikuwa ileile. Watoto wa Shule ya Jumapili walidhani cheo hicho kilikuja na jengo.

Sasa tuseme mambo yalivyokuwa, maana mwenyewe hakuwahi kuyasema. Ni Gladwell aliyemleta Cicily.

Hakusukumwa na mtu. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, mama mkwe ameanza kumwita kwa jina lake badala ya kumwita mwanangu, na Kailemia, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameanza kukaa sana sokoni. Gladwell alipanda mpaka Kibirichia kununua mbegu za viazi, akamwona msichana mrefu akibeba gunia kama anayebeba mtoto mchanga, akamuuliza jina, akarudi wiki iliyofuata bila haja ya mbegu. Walikaa kwenye ukingo wa shamba la viazi mchana kutwa. Alimwambia, njoo tulee pamoja, wewe utazaa na mimi nitabeba. Cicily alikuwa Mmethodisti, ametoka tu kuthibitishwa kanisani, na mavazi meupe ya siku ile bado mama yake alikuwa ameyatundika. Aliuliza swali moja tu: "Na kanisani itakuwaje?"

"Kanisa nitalimaliza mimi," Gladwell alimjibu.

Aliongoza mwenyewe akina mama waliopeleka asali na blanketi kwa wazazi wa msichana. Waliokwenda naye walikuwa shangazi za Kailemia, watu wa midomo mizito, na wote sasa wako mchangani.

Kisha viongozi wa kanisa wakaja nyumbani kuuliza. Waliketi kwenye viti vilevile alivyoketi Koome. Wakati huo Gladwell alikuwa amekabidhiwa Meza kwa mara ya kwanza, bado ananusa sabuni ya kitambaa kile kwenye vidole vyake. Wakamuuliza kama alikubali mumewe aoe tena, na alijua vizuri kwamba mke anayekubali hutolewa Mezani pamoja na mume. Kailemia alikuwa anatazama viatu vyake. Gladwell akasema, "Sikuulizwa." Kisha akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya kile walichodhani. Huko jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, Cicily alikuwa anamenya ndizi, na ukuta wa mbao hauzuii kitu.

Cicily hakusema neno. Si siku ile, si mwezi ule, si alipozaa Kajuju na Gladwell akampokea mtoto mikononi na kumbeba mgongoni mpaka alipojua kutembea. Walilima pamoja, walifiwa pamoja, waligombana kuhusu mbuzi na maji na moshi. Lile moja hawakuligusa. Kwa hiyo unaweza kufikiria jinsi neno lile la Mchungaji, "wewe ndiye ulikosewa", lilivyomkaa Gladwell kooni. Aende asimame mbele ya watu amsamehe mwenzake, wakati ni yeye aliyestahili kupiga magoti.

Na kuna lililokuwa baya zaidi, ambalo alilisukuma mbali na likarudi kila alipolala chali: hakutaka Cicily aje Mezani. Nyumbani Cicily alikuwa na watoto, alikuwa na vicheko vya Kailemia, alikuwa na jiko ambalo moshi wake ulijua njia ya kutoka. Kanisani, kwenye zile mbao za mbele za kupigia magoti, ndipo mahali pekee ambapo hakumfuata. Gladwell alijichukia kwa wazo hilo. Aliamka akaenda kuosha visikombe.

Jumatano alipiga moyo konde. Akavaa koti, akashuka mpaka nyumba ya mchungaji, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno: Mchungaji, siku ile nilidanganya. Aliyapanga vizuri, mafupi, yasiyo na kona. Alimkuta Koome ameketi sakafuni katikati ya nyaya, anafungua kipaza sauti cha kanisa kwa bisibisi, na ameweka skrubu zote mdomoni.

"Mama! Karibu, karibu. Kuna shida?"

Gladwell akamtazama kijana yule na skrubu zake.

"Nilikuja kuuliza," akasema, "kama mkate wa Jumapili ni mmoja ama ni miwili."

"Miwili, Mama. Watu watakuwa wengi." Akatema skrubu moja kiganjani. "Na unajua, hiyo kitu unafanya kwa Mama Kajuju, wengine hawawezi. Nimewaambia hata kule kwa makanisa yale mengine. Nimewaambia niko na mama mmoja hapa, huyo ndiye Ukristo."

Gladwell alirudi nyumbani akitembea haraka kama mtu aliyeiba. Huyo ndiye Ukristo! Alitaka kucheka, akashindwa. Alipofika alianza kung'oa magugu kwenye sukuma wiki na akang'oa sukuma wiki.

Ijumaa walikuwa kwenye kahawa. Buni zilikuwa zimeiva vizuri mwaka ule, na wanawake hao wawili walikuwa na desturi ya kuchuma mstari mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, vikapu vimefungwa kiunoni. Gladwell alikuwa mchumaji wa kuheshimiwa. Kwenye kiwanda hawakuwahi kumwambia amwage chini achambue. Cicily akanyoosha mkono kupitia matawi, akachota kiganja kimoja kwenye kikapu cha mwenzake na kukitazama.

"Mkubwa, unachuma za kijani."

Gladwell akaangalia. Kweli, nusu ya kikapu ilikuwa kijani kibichi, kahawa ya kutia mtu aibu.

"Na umeruka miti," Cicily akaongeza. "Una nini?"

"Kesho nitawaambia ukweli."

Ilimtoka hivyo, bila mpango wowote. Upande wa pili wa mti mikono ya Cicily haikusimama. Iliendelea kuchuma, nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Ukweli gani?"

"Unaujua. Kwamba ni mimi nilikuleta. Kwamba nilikubali, nilikubali kabla hata mzee hajakubali. Nitawaambia nilidanganya."

"Halafu?"

"Halafu wafanye watakavyo. Wanitoe. Nimechoka, Mama Kajuju. Silali. Naona nikinyamaza kesho tena nitakufa."

Cicily akafungua kamba ya kikapu chake, akakiweka chini na kuuzunguka mti. Alikuwa amezeeka kidogo, jambo ambalo Gladwell hakuwa ameliona kwa sababu alimwona kila siku. Hakuwa anapaza sauti. Kupaza sauti kungekuwa nafuu.

"Wewe unataka kutua mzigo," akasema. "Miaka yote hiyo umeubeba ukanyamaza, na mimi nikanyamaza. Kesho ndiyo siku yangu, ndiyo siku umechagua ya kuutua? Hawa viongozi nawajua. Ukisema hivyo, Mzee Kobia atakuna kichwa aseme mambo yamekuwa mengine, tungoje tuulize sinodi. Lorna ataandika. Mwezi wa kwanza Koome atahamishwa, ataletwa mwingine asiyejua mimi ni nani, aanze kusikiliza kesi mwanzo. Mimi nitakuwa nimekaa pale pale. Hapana. Mzigo huo kautue kwingine."

"Lakini ni ukweli."

"Ukweli ulikuwa pia siku ile, nikimenya ndizi."

Gladwell akafunika uso kwa mikono yenye utomvu wa kahawa. Cicily hakumgusa. Alingoja, kama anayengoja mvua ipungue.

"Mkubwa. Uliniambia kanisa utalimaliza wewe. Kule Kibirichia. Nakumbuka hata nguo uliyovaa. Basi kesho limalize. Simama useme umenisamehe."

"Nikusamehe nini, jamani?"

"Chochote. Tafuta. Mbuzi wangu walikula mahindi yako."

Hapo Gladwell alicheka, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, na Cicily akarudi upande wake wa mti. Jioni walikaa wakichambua zile za kijani moja moja mpaka giza likawaondoa.

Jumamosi viongozi wakakaa ndani ya kanisa, kwenye madawati ya mbele. Alikuwako Koome, alikuwako Lorna, katibu, mwanamke mwenye moyo mwepesi wa kulia na kalamu isiyolia kamwe, na alikuwako Mzee Kobia, mhubiri mlei, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika wale waliokuja nyumbani siku ya "sikuulizwa". Cicily aliambiwa angoje nje. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, mikono mapajani, amevaa sketi yake nzuri.

"Mama," Koome akasema kwa upole, "tunakusikiliza."

Gladwell akasimama. Miguu yake ilikuwa na mbio zake yenyewe, ilitaka mlango. Alimtazama Koome, akamtazama Kobia aliyekuwa anaitikia kwa kichwa kumtia moyo, na yale maneno mafupi yasiyo na kona, aliyoyapanga Jumatano, yalikuja yote yakasimama nyuma ya meno. Nje, kupitia dirisha, aliona bega moja la Cicily. Halikutikisika.

"Nimemsamehe," akasema Gladwell.

Lorna alianza kulia papo hapo. Mzee Kobia akainuka, akamshika mikono yote miwili.

"Mimi nakumbuka vile ulilia siku ile, mama. Nilienda nyumbani sikula. Leo Mungu ameyafuta hayo machozi, hata yangu."

Kila neno la mzee yule lilimwasha Gladwell kama upupu. Alitabasamu. Hakujua afanye nini kingine na uso wake. Cicily akaitwa, akaambiwa, na akasema, "Asante, Mkubwa," akimtazama machoni, bila cheko na bila kinyongo, kama mtu anayepokea chenji yake dukani.

Sasa ikaja Jumapili. Kanisa lilijaa mpaka vijana wakasimama kwenye madirisha. Kajuju alikuwa amekuja kutoka Meru mjini, anakofanya kazi ofisini, amevaa viatu ambavyo njia ya udongo ilikuwa imevifundisha adabu, na ameketi kati ya viti vya mama zake wawili kama alivyokaa tangu utotoni. Gladwell alikuwa ametandika Meza mapema. Kitambaa kilikuwa cheupe, mkate ulikuwa umelingana, visikombe viling'aa. Na vingekosaje kung'aa, kwa kuoshwa kule! Alipomaliza kutandika alisimama kando ya Meza, mahali pake, na hapo mahali pake ndipo alipotambua kwamba hawezi. Alikuwa ametimiza alichoombwa. Alisema uongo kwa ajili ya Cicily, na kama ungehitajika tena angeusema tena. Lakini kula mkate ule juu ya uongo ule, asubuhi ya pili yake, huku Cicily akiwa kando yake anakula kwa haki, hilo koo lake lilikataa. Miaka yote alikuwa amekula kwa sababu alijizoesha kutofikiri. Wiki hii alikuwa amefikiri kupita kiasi.

Aliamua atabaki kimya kando, atahudumia wengine, na hakuna atakayeona. Watu ni wengi, nani atahesabu?

Ila Mchungaji Koome alikuwa na mpango wake, na alikuwa amekitengeneza kipaza sauti.

"Kabla ya mistari kuanza," sauti yake ikanguruma mpaka kwenye migomba, "nataka tuone kitu Mungu amefanya. Nataka mama zetu wawili waje wa kwanza. Wapige magoti pamoja. Mama Kajuju, njoo. Mama Gladwell, njoo."

Vigelegele vikapanda. Cicily akainuka, akashika njia ya katikati akitembea taratibu, akafika kwenye zile mbao, akapiga magoti. Hakupiga magoti katikati. Alijisogeza upande mmoja.

Gladwell hakuondoka alipokuwa.

"Mama?" akasema Koome, na kipaza sauti kikapeleka swali hilo kwa watu wote.

"Aende yeye," Gladwell akasema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kanisa lilikuwa limenyamaza, na mstari wa kwanza ukasikia, ukaupasha wa pili, wa pili ukaupasha wa tatu. Akatikisa kichwa mara moja, akashuka kutoka kando ya Meza, akaenda akaketi karibu na Kajuju. Vigelegele vilikuwa vimekufa kama moto uliomwagiwa maji. Kajuju alimshika mkono bila kuelewa lolote.

Cicily alipokea peke yake. Alipokea mkate, akapokea kisikombe, akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Koome alipowapungia mkono watu wa mstari wa kwanza wajaze nafasi iliyobaki, mama mmoja alimgusa Cicily bega asogee, na Cicily hakusogea. Waliobaki ikawabidi wapange foleni upande mwingine.

Hukumu haikuchelewa. Gladwell aliisikia ikipita kwenye madawati nyuma yake, ikinong'onwa kwa Kimeru na kwa Kiswahili: bado ana kinyongo. Ameshindwa. Roho yake ni jiwe, mwenzake amesubiri hivi vyote na yeye anamwonyesha mgongo mbele ya Mungu! Mzee Kobia alipita kwenda mbele na hakumtazama.

Baada ya ibada Lorna alimkuta kwenye chumba cha nyuma akiosha visikombe. Macho yake yalikuwa mekundu, safari hii kwa hasira.

"Mama, mimi jana nililia kwa sababu yako. Nililia mbele ya watu. Kumbe jana ulitudanganya?"

"Ndiyo," Gladwell akasema. "Niliwadanganya."

Lorna alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na jibu hilo likamwacha bila mahali pa kushika.

"Basi," akasema, "basi hii kazi ya Meza, uiwache kidogo. Tuko bado na Mchungaji hapa ndani, tunaongea. Tutakuja nyumbani tukuombee. Chuki ni ugonjwa, mama."

Gladwell akakausha kisikombe cha mwisho, akamkabidhi sanduku lote. Moyo ndio uliouma, ukauma wazi kabisa, maumivu ya kuondolewa mahali ulipopapenda.

Cicily alikuwa anangoja barabarani, juu ya mteremko. Kajuju alikuwa ametangulia kwenda kuwasha moto. Wanawake waliopita walimshika Cicily mkono, wakamkumbatia, wakampongeza; walipomfikia Gladwell waligundua wana haraka. Wawili hao wakaanza kushuka, huyu upande huu wa barabara na yule upande ule.

"Umesikia wanavyosema?" Gladwell akauliza.

"Nimesikia."

"Ungeweza kusema kitu."

"Ningeweza." Cicily alikuwa anatazama mbele. "Kunyamaza nilijifunza kwako."

Walipita mashine ya kahawa, wakapita duka lililofungwa. Ng'ombe mmoja alikuwa amefungwa kando ya njia akiwatazama.

"Niliacha nafasi," Cicily akasema ghafla. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pale mbele. Waliniambia nisogee nikakataa. Nilidhani utakuja. Mimi sikutaka kwenda peke yangu, Mkubwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikifikiri siku yangu ikifika tutaenda wawili."

Hapo Gladwell akalia. Alilia barabarani, mchana, wazi, bila kitambaa, na watu waliokuwa nyuma yao wakapunguza mwendo ili waone vizuri na wapate la kusema. Alimwambia Cicily kile ambacho hakuwahi kumwambia: kwamba alimkosea, kwamba alimleta kwa maneno matamu na kumwacha nje ya mlango, na kwamba sehemu ya moyo wake ilifurahi akiwa nje. Alisema yote, hata hilo la mwisho. Cicily alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Alikuwa amesikia neno hilo mara nyingi mno wiki ile.

"Bado unataka kuwaambia?" akauliza.

"Wewe ulikataa."

"Nilikataa kabla. Sasa nimeshakula, hawawezi kunitapisha." Akageuka akatazama juu ya mteremko, ambako bati la kanisa lilionekana kati ya miti ya grevilia, na pikipiki ya Koome ilikuwa bado imeegemea ukuta. "Bado wako ndani, wote watatu. Wanakuzungumzia wewe."

Gladwell alifuta uso kwa kiganja. Wale wa nyuma walikuwa wamewafikia, na wakapita kando wakijitia kuongea mambo ya mvua.

"Haya twende," Cicily akasema, akavuka barabara akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama anavyoshika gunia la viazi. "Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia peke yako."